Mhariri, hiyo "ondoa mawazo kwa dakika 10" imenikwaza kidogo

Ndugu mhariri,

Salamu kwanza, na poleni na kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, huwa nasoma nanyamaza, ila ile makala yenu ya ukurasa wa afya kuhusu maindifulnesi imenifanya nishike simu niandike, na naomba mnivumilie maana nikianza hili jambo huwa sijui kufupisha.

Kichwa cha habari kilisema "Ondoa mawazo kwa dakika 10". Alafu ndani mwandishi anaeleza kwamba ni sayansi mpya ya kutafakari, unafumba macho, unavuta pumzi, akili inabaki tupu, unarudi kazini kama umezaliwa upya. Basi, imeisha. Sasa mi sio mtawa, sio daktari, ni mtu tu ambaye nimekaa na hiki kitu kama miaka minne hivi na nakipenda, na ndio maana nasikia uchungu kikiuzwa kama vidonge vya kichwa.

Tuanze na hilo neno mawazo. Kwa Kiswahili chetu mtu akisemwa "ana mawazo" hasifiwi, hapo ni kama mmesema anaumwa. Amekonda, ana mawazo. Kwa hiyo msomaji akiona "ondoa mawazo" anajua shida zinaenda kutolewa, anakaa chini, anafumba macho, na anakuta mawazo yanamiminika kuliko hata alipokuwa anaosha vyombo, anajiona kashindwa, siku ya pili haonekani. Nimewaona wengi wameishia hapo hapo. Na hakuna mwalimu wa maana atakayekwambia akili itakuwa tupu. Kazi yenyewe ni kugundua kwamba umeshaondoka. Umekaa unaangalia pumzi, mara uko kwenye ugomvi wa mwaka juzi, unampa yule mtu yale majibu makali ambayo siku ile yalikukimbia, yaani unashinda kesi kabisa, mahakama nzima inakupigia makofi, alafu ghafla unashtuka, aa, si nilikuwa naangalia pumzi mimi? Ule mshtuko mdogo ndio wenyewe. Unarudi. Dakika haijaisha umeondoka tena.

Na "kutafakari" nako sijui. Kutafakari ni kulichukua jambo ukalichambua mpaka ukaliona ndani, na hapa huchambui kitu. Wengine wanasema taamuli, wengine umakinifu, mi leo hiyo maindifulnesi nitaiandika uzingativu ili twende. Ila neno la zamani ni sati, la Kipali, lugha ya maandiko ya Wabudha wa tawi la Theravada, na ndugu yake kwenye Kisanskriti ni smriti, na maana yake ya msingi ni kukumbuka. Kumbukumbu! Mwingereza mmoja msomi wa Kipali, T. W. Rhys Davids, ndiye mwaka 1881 alilipatia sati hilo neno la Kiingereza mindfulness, ambalo leo kila mtu analo mdomoni, na mi naona tangu hapo ile ladha ya kukumbuka ikaanza kufifia taratibu, ikabaki kama vile ni kutulia tu.

Kukumbuka nini? Maandiko yenyewe yana mifano mizuri mpaka raha. Ile hotuba maarufu ya misingi minne ya uzingativu, Satipatthana, inamfananisha mtu anayeangalia pumzi na fundi wa kukereza mbao, au mwanafunzi wake, akivuta kwa urefu anajua navuta kwa urefu, akivuta kwa ufupi anajua navuta kwa ufupi. Umewahi kumtazama fundi anakereza? Haongei, na wala hajalala. Mkono unajua uko wapi. Kuna nyingine ya mtu aliyebebeshwa bakuli la mafuta limejaa mpaka mdomoni, anaambiwa apite katikati ya umati na mrembo wa nchi anayecheza na kuimba, na nyuma yake kuna mtu ameshika upanga, tone likidondoka kichwa kinaondoka. Hapo sasa niambie kuhusu dakika 10 za kurilaksi.

Na kuna mfano wa mlinzi wa lango la mji, huyu ndio kipenzi changu. Mlinzi ndio uzingativu wenyewe, mwenye akili, anamjua wa kumpitisha na wa kumzuia. Kumbukeni huyu mlinzi, nitarudi kwake.

Sasa nieleze nilivyoingia. Kazini kwetu, na sitaji wapi, tulikuwa tunapokea simu za wateja. Wenzetu wawili wakaacha kazi, nafasi zao hazikujazwa, simu zikawa zile zile, watu wakaanza kulia chooni, na mi nilikuwa mmoja wao sioni aibu kusema. Wakubwa wakakaa kikao wakaja na suluhisho, mkufunzi wa uzingativu, kila Jumatano kwa muda wa saa moja na nusu, pamoja na apu ya kwenye simu tulipiwe mwaka mzima. Mkufunzi alikuwa dada mpole, anaijua kazi yake, sina neno baya juu yake. Siku ya kwanza akatugawia kila mtu zabibu kavu moja. Moja! Akasema iweke kiganjani uiangalie kama mtu ambaye hajawahi kuona zabibu. Nikaiangalia. Ina mikunjo kama kidole kilichokaa sana kwenye maji, ina kadoa pale ilipokuwa imeshikia kwenye kikonyo, ukiisogeza sikioni ukaibonyeza inatoa kasauti ka kunata, kweli kabisa. Tukanusa. Tukaiweka ulimini bila kutafuna, na mate yakanijaa mdomo mzima, na nikashangaa kwamba maisha yangu yote nimekula zabibu kwa viganja na sijawahi kuonja hata moja.

Hapo hapo simu ikatetemeka mfukoni. Meseji ya msimamizi kwenye grupu. Foleni ina simu 40, darasa likiisha kila mtu mbio kwenye kiti chake, na hiyo saa moja na nusu tutaifidia jioni.

Zabibu nikaimeza nzima.

Mwenzangu mmoja, mcheshi huyo, akanyoosha mkono akamuuliza mkufunzi, samahani dada, naruhusiwa kuzingatia kwamba tuko wachache? Watu wakacheka. Yule dada akajibu kwa upole kwamba tusihukumu, tuangalie tu hisia zinavyokuja na kuondoka. Na nadhani hakuwa na jibu lingine, yeye mwenyewe alikuwa analipwa na wale wale. Lakini mhariri, uzingativu wa hivyo ndio mlinzi wa lango aliyelala. Kwenye yale maandiko kuangalia bila kuhukumu hakusimami peke yake hata kidogo. Uzingativu sahihi ni hatua ya saba kati ya nane za ile njia ya Buddha, na hatua nyingine ni kauli sahihi, matendo sahihi, riziki sahihi, yaani hata namna unavyopata pesa yako imo ndani. Na ukisikia kuna uzingativu "sahihi" ujue na ule usio sahihi upo, umetajwa humo humo. Mwizi anayefungua kufuli la watu saa nane usiku amezingatia kuliko sisi wote, pumzi yake anaisikia, vidole vyake anavisikia, yuko kwenye wakati uliopo kwa asilimia mia.

Basi ile Jumatano ikanikera lakini ile zabibu haikunitoka. Nikasoma soma, nikaomba likizo, nikaenda kwenye ile kozi ya siku 10 ya kukaa kimya kwa mtindo wa mwalimu mmoja, S. N. Goenka, zipo nchi nyingi duniani. Simu unaikabidhi, huongei na mtu, kengele inalia saa 10 alfajiri. Hakuna ada, ukimaliza ukitaka unachangia ili mwingine naye apate. Na jambo la kwanza kabisa, kabla hata hujaambiwa pumzi ni nini, unaahidi mambo matano, hutaua, hutaiba, hutajihusisha na mambo ya kimwili, hutadanganya, hutatumia kilevi. Nikajisemea haya yanahusiana nini na stresi zangu? (Na kwa vile kuongea mmekatazwa, uongo utatokea mlango gani.) Siku tatu nzima nimeangalia pumzi inavyogusa chini ya pua, siku tatu, sikujua pua ina mambo mengi hivyo. Siku ya nne ndio unaanza kupita mwilini kichwa hadi kidole.

Siku ya sita, goti la kushoto linawaka kama limewekwa kwenye jiko, ikanijia sauti ya mama mmoja mteja. Sio ndoto, sauti yake kabisa, na ile "eeh mwanangu" yake. Nilimwambia mama mfumo uko chini piga kesho. Mfumo ulikuwa mzima. Nilikuwa nataka kwenda kula. Siku ile nililisahau hilo kabla hata sijabonyeza kukata, na lilikaa humo miaka miwili linanisubiri. Nililia tena, ila hiki kilio kilikuwa kingine na kile cha chooni, na hapo nikaelewa kwa nini wazee wale waliita hii kitu kukumbuka, na kwa nini zile ahadi tano zinatangulia, maana ukikaa kimya ukiwa na madeni utadaiwa.

Huyo Goenka alizaliwa Mandalay, Burma (Myanmar ya leo), mwaka 1924, familia ya wafanyabiashara wenye asili ya India, na alikuwa na kipandauso cha kutisha, madaktari wa nchi kadhaa walishindwa. Mwaka 1955 akaenda kwa mwalimu anaitwa U Ba Khin. Goenka mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba U Ba Khin alimkatalia mwanzoni, akamwambia kama umekuja kwa ajili ya kichwa tu unaishusha hadhi hii kitu, njoo kwa ajili ya kusafisha akili, kichwa kikipona kitapona njiani. Mhariri mi hiki kisa nakipenda sana kwa sababu ni kinyume cha kila tangazo la apu nililowahi kuona.

Na U Ba Khin alikuwa nani? Msidhani ni mzee wa pangoni. Alikuwa Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma baada ya uhuru wa 1948, mtu wa mafaili na mihuri, na wafanyakazi wake walikuwa wanajifunza naye pale pale ofisini. Kwa hiyo uzingativu wa ofisini sio uvumbuzi wa makampuni ya kompyuta, mhasibu alishaufanya zamani! Tofauti ni kwamba yule mhasibu anakumbukwa pia kwa kuchukia rushwa, kukaa kwake na vitabu vyake vya hesabu vilikuwa kitu kimoja.

Hapa nimpinge mwandishi wenu kwenye hiyo "mpya", na niwapinge pia wale wanaosema Wabudha wote wamekaa hivi miaka 2,500 mfululizo. Hapana. Kwa karne nyingi waumini wengi wa kawaida walikuwa wanawapa watawa chakula, wanashika amri, wanaomba, na hata watawa wengi hawakuwa watu wa kukaa masaa. Kilichobadilisha ni ukoloni. Mwaka 1885 Waingereza wakaingia Mandalay, wakamtoa mfalme Thibaw wakampeleka uhamishoni India, na mfalme ndiye aliyekuwa mlezi wa dini. Mtawa mmoja, Ledi Sayadaw, akaona kama mlezi hayupo basi kila mtu abebe mwenyewe, akazunguka nchi akifundisha watu wa kawaida mambo ambayo yalikuwa ya watawa. Akamfundisha mkulima, Saya Thetgyi, mkulima akamfundisha mhasibu, mhasibu akamfundisha mfanyabiashara mwenye kipandauso, na 1969 mfanyabiashara akaanza kufundisha India. Leo mi nimepewa zabibu ofisini. Ni ukoo mrefu kidogo, na una historia ya watu walionyang'anywa nchi, sio wa kuitwa sayansi mpya.

Ingawa hiyo zabibu imepita mkondo mwingine, nikiri. Zabibu ni ya Jon Kabat-Zinn, Mmarekani, msomi wa baiolojia ya molekuli, ambaye mwaka 1979 alifungua kliniki kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, mji wa Worcester. Na huyu mi simtukani, kuna watu wanamtukana sana. Alichukua wagonjwa wa maumivu sugu, wale ambao madaktari walishawaambia hatuna zaidi, akawapa wiki 8, mara moja kwa wiki darasani na kila siku nyumbani dakika 45. Dakika 45, sio 10. Maneno ya Kibudha akayatoa makusudi maana angeyaacha hospitali ingemuona wa ajabu na wale wagonjwa wasingepata kitu. Mtu ana maumivu ya mgongo miaka 11, utamwambia asubiri mpaka aelewe Kipali? Mi ningetoa pia. Na mwenye dini yake naye anaweza kukaa akaangalia pumzi bila kuhama dini, pumzi haina dhehebu, ila aambiwe imetoka wapi aamue mwenyewe. Kufichwa ndio sipendi.

Shida imekuja baadaye, kwenye kukata zaidi na zaidi. Kliniki ilitoa dini ikabaki na wiki 8 na mwalimu. Apu ikatoa mwalimu. Alafu bosi akatoa hata zile dakika.

Kuhusu sayansi yenyewe niseme kidogo. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya majaribio 47 yenye watu 3,515, wakakuta taamuli za aina hii zinasaidia wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi, na hawakupata ushahidi kwamba zinashinda dawa au mazoezi ya mwili. Kwa kiasi! Mi naona hiyo ni habari njema tu, kwa nini hatuwezi kuiandika hivyo hivyo. Uingereza mwaka 2004 mwongozo wao wa afya uliupendekeza mtindo mmoja wa uzingativu kwa watu ambao sonona imeshawapata mara tatu au zaidi, hapo imesimama vizuri. Lakini hao hao Waingereza walipojaribu mashuleni, zaidi ya wanafunzi 8,000, matokeo ya 2022 yakaonyesha haikushinda masomo ya kawaida ya malezi, na watoto wengi nyumbani hawakufanya hata mazoezi. Nani atawalaumu, mtoto wa miaka 12 aambiwe akaangalie pua.

Na kuna jambo makala haikugusa kabisa na hili ni zito. Sio kila mtu akae. Mwenye majeraha ya zamani, aliyepigwa, aliyebakwa, aliyetoka vitani, ukimwambia fumba macho sikiliza mwili wako unaweza kumrudisha pale pale alipotoka, na wapo waliotoka kwenye kozi za kimya hali zao zimeharibika mpaka wakahitaji matibabu. Kwenye ile kozi yangu fomu ya maombi iliuliza historia ya afya ya akili kabla ya kukubaliwa. Apu yetu ya ofisini iliuliza umri na lugha.

Mtu ataniuliza, kwa hiyo ulitaka yule dada mkufunzi aanzishe mgomo? Hapana jamani. Ila nikimfikiria mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, huyu alifundisha kupumua na kutembea taratibu kuliko yeyote, na wakati wa vita vijana wake walikuwa wanapumua hivyo hivyo alafu wanaenda kujenga vijiji vilivyopigwa mabomu, na yeye kwa kuomba amani akaishia kukaa ugenini miaka karibu 40. Kwake ukishaona kijiji kinaungua huwezi kubaki kuangalia hisia zako zinavyokuja na kuondoka. Sasa swali la mwenzetu lilikuwa dogo tu, tuko wachache, na lilikuwa ni uzingativu wa hali ya juu kuliko zabibu zote za siku ile, aliona kilichopo mbele yake. Mlinzi alikuwa macho. Tukamcheka.

(Baadaye aliandika barua tukasaini watu 14. Waliongeza mtu mmoja. Mmoja, lakini aliongezwa. Apu haikulipiwa tena mwaka uliofuata na hakuna aliyeiulizia.)

Ombi langu mhariri, mkirudia hii mada mpeni mwandishi nafasi ya kutosha aseme imetoka wapi, aweke na kaonyo kadogo kwa wenye majeraha waanzie kwa mtaalamu, na hicho kichwa cha habari mtoe hilo neno ondoa, maana mi miaka yote hii sijaondoa hata wazo moja. Kesho asubuhi nitakaa dakika 20 kama kawaida yangu, kati ya hizo nitakuwepo labda mbili, nyingine zote nitakuwa nawajibu nyie.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpokea simu mstaafu wa foleni